Kitunguu Kilichopita Mlangoni mwa Mbaraki
Vitunguu vya pilau ya Mombasa hutoka mbali: Loitokitok, au hata Mang'ola kule Karatu, ng'ambo ya mpaka. Ukiuliza kwa nini vichanja na viwanja vya Mbaraki, hapa kisiwani Mombasa, havina mazoea navyo, utaambiwa upesi kwamba kisiwa ni mwamba wa matumbawe, udongo kiduchu, maji ya chumvi. Lina ukweli jibu hilo, ila halitoshi. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, alikuta visima milangoni mwa misikiti, kina chake dhiraa moja au mbili tu, watu wakiteka kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti. Maji basi yalikuwepo, na matunda pia: ndizi, ndimu, zambarau. Nafaka ndiyo haikulimwa. Ililetwa kutoka pwani ya pili. Naona hapo mgawanyo wa kazi: kinachooza upesi kikuzwe karibu na nyumba, kinachokauka na kustahimili safari kije kwa chombo. Kitunguu maji kikianikwa vizuri hukaa ghalani miezi kadhaa, kwa hiyo kiko upande wa nafaka. Na Mbaraki, penye msikiti na mnara wake wa mawe juu ya hori, ilikaa pale pale vyombo vinapopita.

Kuna atakayenipinga kwa Duarte Barbosa, Mreno wa mwanzoni mwa karne ya 16, aliyeisifu Mombasa kwa machungwa, komamanga na mboga za kila namna. Sikatai, huenda kitunguu kilikuwemo, hasa majani yake. Lakini kuchuma majani ni jambo moja, na kukaanga vitunguu vya biriani ya harusi, masufuria kwa masufuria, ni jingine. Mwingine atasema kitunguu chenyewe kinakubali, na ni kweli: hapa siku haizidi sana saa 12 za mwanga, na Bombay Red hutunga kichwa bila shida. Shida ni hesabu ya tuta. Toka kitaluni hadi kung'olewa ni miezi minne au mitano, unyevu wa bahari ukileta madoa ya zambarau majanini, ilhali mchicha hapo hapo ungekatwa kabla ya wiki ya tano. Bei ikipaa sokoni Kongowea hesabu hulegea kidogo, lakini nani ataisubiri miezi minne bei inayoweza kushuka Ijumaa?