Colour in Faith

Colour in Faith (yaani "Rangi katika Imani") ni mradi wa sanaa ya umma ulioanza Nairobi, Kenya, mwaka 2015. Katika mradi huo waumini wa dini mbalimbali hukutana na kupaka nyumba za ibada rangi ya njano, pamoja na zile zisizo za dini yao. Ulibuniwa na Yazmany Arboleda, msanii Mmarekani mwenye asili ya Kolombia, akishirikiana na Nabila Alibhai, mwanzilishi wa shirika la inCOMMONS.

== Mazingira ==
Tarehe 21 Septemba 2013 wanamgambo wa Al-Shabaab walishambulia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi. Watu 67 waliuawa. Tarehe 2 Aprili 2015 walivamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Katika mashambulizi yote mawili wauaji walijaribu kuwatenga Waislamu na wasio Waislamu, hata swali "wewe ni dini gani?" likawa swali la kufa na kupona. Shuku zikaingia kati ya majirani. Wakazi wengi wa Eastleigh, hasa wenye asili ya Kisomali, walikuwa wamekwisha kukumbwa na misako mikubwa ya polisi mwaka 2014.

== Kazi yenyewe ==
Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza, ambako msikiti na kanisa la Kianglikana vilipakwa. Mtaa huo ulianzishwa na askari Wanubi, ambao ni Waislamu, mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye walihamia Wakristo wengi kutoka bara.

Rangi ya njano ilichaguliwa kwa sababu ni ya jua, ambalo humwangazia kila mtu bila ubaguzi. Ukutani hakuna picha wala maandishi yanayoongezwa. Jambo hili si dogo: Mwislamu asiyetaka sanamu katika ibada hana cha kukwaza dhamiri yake, na Mkristo haambiwi aondoe msalaba wake. Tofauti na mikutano ya viongozi wa dini, hapa muumini wa kawaida hushika brashi na kufanyia kazi nyumba ambayo huenda hajawahi kuikaribia.

Agosti 2017 Alibhai aliueleza mradi huu katika mkutano wa TEDGlobal uliofanyika Arusha, Tanzania.