Hakimiliki: Mtunzi wa programu anavyoweza kugeuka haramia wa kazi yake

MBELE ya sheria za Kenya, programu ya tarakilishi na riwaya ni ndugu wa tumbo moja.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, iliyoanza kutekelezwa Februari 2003, inaiweka programu katika kundi la kazi za maandishi, pamoja na vitabu. Mkataba wa TRIPS wa 1994, unaozifunga nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unasisitiza jambo lilo hilo.

Kwa hivyo, haki ya mtunzi huzaliwa pindi anapoiandika programu yake, wala halazimiki kuisajili kwanza. Ulinzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Hata hivyo, kuisajili kwa hiari katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya humpa ushahidi mzozo ukizuka.

Kinacholindwa ni maandishi yenyewe, si wazo. Aliyebuni programu ya hesabu za duka hawezi kumzuia jirani kuandika yake, mradi jirani huyo asinakili.

Mnunuzi, kwa upande wake, aghalabu hanunui programu yenyewe bali leseni, yaani idhini ya kuitumia kwa masharti. Leseni ya tarakilishi moja haimruhusu kuieneza afisi nzima. Lakini sheria inamkubalia aliye nayo kihalali kuweka nakala ya akiba na kurekebisha kasoro.

Wenye programu pia huzitia kufuli: nambari ya leseni, kifaa kidogo cha kuchomekwa kwenye tarakilishi, au uthibitisho kupitia intaneti, mtindo ambao Microsoft iliutumia katika Windows XP mwaka wa 2001. Hakuna kufuli isiyovunjika, ila kuivunja ni kosa kisheria. Isitoshe, nakala iliyovunjwa huweza kuja na virusi ndani yake.

Lipo shimo jingine ambalo mtunzi anaweza kutumbukia bila habari. Kifungu cha 31 cha sheria hiyo kinaeleza kwamba kazi ikiagizwa na mteja, au ikitungwa na mwajiriwa katika shughuli za ajira yake, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa mteja au mwajiri huyo, isipokuwa pande hizo mbili ziwe zimekubaliana vinginevyo.

Chukua mfano wa kijana aliyeagizwa na chama cha ushirika kukiandikia programu ya kuweka hesabu za wanachama. Analipwa, wanaagana. Mwaka unaofuata anauzia chama kingine programu ile ile. Ikiwa hakukuwa na makubaliano, amekiuka hakimiliki ya mteja wake wa kwanza, ingawa kila mstari aliuandika kwa mkono wake.

Dawa yake ni mkataba wa maandishi kabla ya kazi kuanza. Mkataba huo utaje mwenye hakimiliki, idadi ya tarakilishi zitakazotumia programu, na atakayehifadhi maandishi yake asilia. Mtunzi naye aweke nakala za kazi yake zenye tarehe, hatua kwa hatua.

Wahenga walishasema: mali bila daftari huisha bila habari.