Beanie Babies: midoli ya dola 5 na soko la walanguzi

Beanie Babies ni midoli midogo ya kitambaa laini, yenye maumbo ya wanyama, inayotengenezwa na kampuni ya Ty ya jimbo la Illinois nchini Marekani tangu mwaka 1993. Dukani kila mmoja uliuzwa kwa takriban dola 5. Kati ya mwaka 1996 na 1999 mamilioni ya midoli hiyo yalinunuliwa na watu wazima ambao hawakukusudia kumpa mtoto yeyote acheze nayo. Walitaka kuihifadhi na kuiuza tena kwa faida, na michache kweli iliuzwa kwa maelfu ya dola. Kisha soko lilianguka, na waliojaza masanduku wakabaki na mali isiyo na mnunuzi. Historia ya midoli hii ni mfano mzuri wa uhaba uliotengenezwa kwa makusudi, na wa sababu zinazofanya uhaba wa aina hiyo usidumu.

Ukusanyaji kabla ya Beanie Babies

Kukusanya vitu vya kuchezea hakukuanza na Ty. Kampuni ya Steiff ya Ujerumani ilibuni dubu wa kitambaa mwenye viungo vinavyozunguka mwaka 1902, na muda mfupi baadaye ikaanza kutia kitufe cha chuma katika sikio la kila mdoli ili bidhaa zake zisichanganywe na za waigaji. Miongo mingi baadaye kitufe hicho kikawa ushahidi ambao wakusanyaji huutazama kwanza. Mwezi Desemba 1994, katika mnada wa Christie's mjini London, dubu wa Steiff wa mwaka 1904 aliyejulikana kwa jina la Teddy Girl aliuzwa kwa pauni 110,000. Vivyo hivyo, sanamu ndogo za plastiki za filamu ya Star Wars, ambazo kampuni ya Kenner ilianza kuzisambaza mwaka 1978 kwa bei ambayo mzazi wa kawaida aliimudu, zilikuja kutafutwa sana na watu wazima waliokua nazo.

Vitu hivyo viliadimika kwa njia moja. Vilitengenezwa vichezewe, na watoto walivichezea hasa: wakavichana, wakavipoteza, wakatupa maboksi siku ya kwanza. Vilivyosalimika vikiwa vizima vilikuwa vichache mno, na hakuna kiwanda kilichoweza kuviongeza.

Aina nyingine ya uhaba ilionekana mwaka 1983, kampuni ya Coleco ilipouza wanasesere wa Cabbage Patch Kids. Kabla ya Krismasi ya mwaka huo wazazi walisukumana na kupigana madukani, na wajanja walionunua mapema wakauza kwa bei maradufu. Hata hivyo, upungufu ule ulitokana na kiwanda kushindwa kwenda sawa na mahitaji. Bidhaa zilipopatikana kwa wingi, biashara ya wajanja ilikwisha. Mwaka 1988 Coleco yenyewe iliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika.

Mbinu za Ty Warner

Mwanzilishi wa Ty, Ty Warner, alizaliwa Chicago mwaka 1944. Alikuwa muuzaji wa kampuni ya Dakin, iliyotengeneza wanyama wa kitambaa, kabla ya kuanzisha kampuni yake mwaka 1986. Bidhaa zake za kwanza zilikuwa paka wenye manyoya marefu. Mwaka 1993 alitambulisha aina mpya ya midoli: midogo kiasi cha kushikika mkononi, na iliyojazwa punje za plastiki badala ya pamba pekee. Haikujazwa hadi kukaza, hivyo iliweza kukunjwa, kukalishwa na kulazwa kwa namna mbalimbali. Baadhi ya wafanyabiashara waliicheka, wakisema inafanana na wanyama waliokanyagwa na magari. Kundi la kwanza lilikuwa na wanyama tisa, miongoni mwao chura Legs, pomboo Flash, nguruwe Squealer na kamba Pinchers.

Warner hakuitangaza midoli hiyo kwenye televisheni, wala hakuipeleka kwenye minyororo mikubwa ya maduka. Aliiuza kwa maduka madogo ya zawadi, na kila duka liliruhusiwa kuagiza idadi maalumu tu ya kila mnyama. Kwa utaratibu huo hakuna duka lililokuwa na aina zote kwa wakati mmoja, na mteja aliyetaka kukamilisha seti alilazimika kuzunguka mji mzima. Vitongoji vya Chicago ndivyo vilivyowaka kwanza. Akina mama wa huko walianza kupigiana simu na kuulizana ni duka gani limepokea mzigo.

Hatua iliyobadilisha biashara nzima ilikuwa ya kuwastaafisha wanyama. Badala ya kukiri kwamba mdoli fulani umeacha kutengenezwa kwa sababu hauuziki au kiwanda kimeshindwa kuuleta, kampuni ilitangaza kwamba umestaafu. Bei yake nje ya duka ilipanda mara moja, na hamu ya watu kununua iliyobaki ikaongezeka kabla nayo haijastaafishwa. Tangazo la kustaafu likawa nguzo ya mauzo. Ty ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza kufungua tovuti kwa ajili ya wanunuzi wa kawaida, mwaka 1995, na baadaye matangazo hayo yalitolewa humo, nao wakusanyaji wakawa wanaifungua tovuti usiku na mchana.

Mabadiliko madogo ya umbo na rangi yalizidisha msako. Mwaka 1995 tembo Peanut alianza kutengenezwa kwa rangi ya buluu iliyokolea, kisha baada ya muda mfupi akabadilishwa kuwa buluu hafifu. Wale wachache wa rangi ya kwanza ndio waliokuja kuuzwa kwa maelfu ya dola. Midoli mingine iliuzwa katika nchi moja tu: dubu Maple kwa Kanada, dubu Britannia kwa Uingereza. Mmarekani aliyewataka hakuwa na njia isipokuwa kumwagiza msafiri au kumlipa mlanguzi.

Lebo, vitabu na mnada

Mdoli wa dola 5 usingeweza kuuzwa kwa dola 500 bila vyombo vya kuupa bei. Cha kwanza kilikuwa lebo. Kila mdoli ulining'inizwa lebo nyekundu ya umbo la moyo, na kuanzia mwaka 1996 ndani yake kukachapishwa tarehe ya kuzaliwa ya mnyama na shairi fupi. Maandishi ya lebo yalibadilishwa mara kwa mara, na wakusanyaji wakaigawa lebo katika vizazi. Mdoli uliokatwa lebo ulipoteza sehemu kubwa ya thamani yake papo hapo. Yakaibuka maduka ya vifuniko vya plastiki vya kukinga lebo isikunjike, na watoto wengi wakakatazwa kuigusa midoli waliyokuwa wameahidiwa.

Chombo cha pili kilikuwa vitabu na majarida ya bei. Jarida la Mary Beth's Beanie World lilipata wasomaji wengi sana nchini Marekani. Kitabu kimoja cha mwongozo, kilichoandikwa na Les na Sue Fox, hakikuishia kwenye bei za siku hiyo, bali kilitabiri kila mdoli utakuwa na thamani gani miaka 10 baadaye. Msomaji aliyeona kwamba kitu cha dola 5 kitafikia mamia ya dola aliona kununua kasha zima ni akiba kwa ajili ya karo ya chuo cha mtoto wake.

Chombo cha tatu kilikuwa mnada wa mtandaoni. Kampuni iliyokuja kuitwa eBay ilianzishwa na Pierre Omidyar mjini San Jose, California, mwezi Septemba 1995, wakati uleule homa ya Beanie Babies ikianza kupanda. Kabla ya hapo mlanguzi alitegemea maonyesho ya mwisho wa wiki, matangazo ya magazeti na meza za soko la vitu vilivyotumika. Kupitia mnada wa mtandaoni, mwenye duka katika mji mdogo aliweza kumuuzia mtu aliye upande wa pili wa nchi, na kila mtu akaona bei zikipanda saa kwa saa. Midoli hii ilikuwa midogo, myepesi kutuma kwa posta, na kila mmoja ulikuwa na jina linalotambulika, kwa hiyo iliufaa mnada kuliko bidhaa nyingi. Katika kilele chake ilikadiriwa kuchangia karibu asilimia 10 ya mauzo ya eBay. Soko la walanguzi na mtandao mpya wa mnada vilikuzana.

Kilele

Mwezi Aprili 1997 mikahawa ya McDonald's nchini Marekani ilitoa midoli midogo zaidi, Teenie Beanies, pamoja na mlo wa watoto. Takriban milioni 100 ilitengenezwa kwa ajili ya kampeni ya wiki tano, ikaisha ndani ya wiki mbili hivi. Watu walinunua milo kwa dazeni, wakachukua midoli na kuacha chakula.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo, baada ya kifo cha Diana, binti mfalme wa Wales, Ty ilitangaza dubu wa rangi ya zambarau aliyeitwa Princess, mwenye ua jeupe la waridi kifuani. Mapato yake yalielekezwa kwenye mfuko wa kumbukumbu ya Diana. Mwanzoni kila duka liligawiwa midoli michache tu, bei za mnada zikapaa hadi mamia ya dola. Baadaye dubu huyo alitengenezwa kwa wingi mno.

Mwaka 1998 mauzo ya Ty yalizidi dola bilioni 1. Midoli ya kughushi ilimiminika, na wakazuka wataalamu waliolipwa kuthibitisha ipi ni halisi. Forodha ya Marekani, kwa kulinda alama ya biashara ya Ty, ilimruhusu msafiri kuingia na mdoli mmoja tu. Mwezi Julai mwaka huo mwakilishi wa biashara wa Marekani, Charlene Barshefsky, aliporudi kutoka Beijing na makumi ya midoli hiyo, jambo hilo liliandikwa magazetini, na baadaye kikomo kikapandishwa hadi midoli 30. Mwaka 1999, katika mahakama ya Las Vegas, wanandoa walioshindwa kukubaliana kuhusu mkusanyiko wao walipigwa picha wakiwa wamechuchumaa sakafuni, wakiigawana midoli mmojammoja mbele ya hakimu.

Anguko

Kufikia mwaka 1999 idadi ya aina ilikuwa kubwa, na matangazo ya kustaafu hayakupandisha tena bei kama zamani. Tarehe 31 Agosti kampuni ilitangaza kwamba Beanie Babies zote zitastaafishwa mwisho wa mwaka, ikatoa na dubu mweusi aliyeitwa The End. Maduka yaliyokuwa na shehena yaliuza kwa muda mfupi. Kuanzia mkesha wa Krismasi umma uliombwa kupiga kura kwa malipo ya senti 50 kuamua kama utengenezaji uendelee. Zaidi ya asilimia 90 walitaka uendelee, fedha zikapelekwa kwenye taasisi ya watoto wenye UKIMWI, na mwaka 2000 midoli mipya ikaingia sokoni.

Imani haikurudi. Kura ile ilionyesha wazi kwamba kustaafu ni uamuzi wa kampuni, na kampuni inaweza kuubatilisha. Walanguzi walianza kuuza kwa pamoja, na hapo ikadhihirika kwamba karibu kila aliyenunua alinunua ili auze. Watoto hawakuichana midoli hiyo wala hawakuipoteza. Mamilioni yalikuwa yamehifadhiwa kwa uangalifu, lebo zikiwa zimekingwa kwa plastiki, na yote yakatoka kabatini kwa wakati mmoja. Uhaba uliowapa thamani dubu wa Steiff ulihitaji uharibifu wa miaka mingi. Hapa tahadhari ya wakusanyaji wenyewe iliuzuia usitokee.

Warner alibaki bilionea. Mwaka 2013 alikiri kosa la kukwepa kodi kwa kuficha fedha katika benki ya Uswisi, akalipa adhabu ya zaidi ya dola milioni 53, na mwezi Januari 2014 akahukumiwa kifungo cha nje cha miaka miwili pamoja na kazi za kijamii.

Kilichobaki

Leo Beanie Babies nyingi za miaka ya 1990 huuzwa kwa dola chache, pengine chini ya bei ya kwanza ukizingatia mfumuko wa bei. Matangazo ya mtandaoni yanayodai maelfu ya dola kwa sababu ya kosa la chapa kwenye lebo au aina ya punje zilizomo ndani ni bei wanazoomba wauzaji, si wanazolipa wanunuzi. Zinazoshika bei ni chache: za mwanzo kabisa, zenye lebo za kizazi cha kwanza, na matoleo adimu kama Peanut wa buluu iliyokolea.

Mbinu za Ty ziliendelea kutumiwa na wengine. Kampuni ya Pop Mart, iliyoanzishwa Beijing mwaka 2010, huuza vinyago katika maboksi yaliyofungwa ambayo mnunuzi hajui kilichomo, na katika baadhi ya seti kinyago cha siri hutokea mara moja kwa kila maboksi 72. Labubu, kiumbe kilichobuniwa na msanii Kasing Lung mwaka 2015, kilisababisha foleni na vurugu katika miji mingi, na mwezi Mei 2025 Pop Mart ilisimamisha kwa muda uuzaji wake katika maduka ya Uingereza. Mwezi uliofuata sanamu moja ya Labubu yenye kimo cha binadamu iliuzwa mnadani Beijing kwa zaidi ya yuan milioni 1. Katika mwezi huohuo kampuni iliongeza mzigo wa toleo la kawaida, na bei za walanguzi zikashuka haraka.

Tofauti kati ya masoko haya na lile la dubu wa Steiff iko katika mtu anayeshikilia bomba la bidhaa. Kitu ambacho hakiwezi kutengenezwa tena hupangiwa bei na wanaokipenda. Kitu ambacho kiwanda chake bado kinafanya kazi hupangiwa bei na mtengenezaji, hata pale mlanguzi anapodhani kwamba ndiye anayeipanga.