Bonyeza 1, Bonyeza 2: Simu Inayojijibu Ilitoka Wapi?

Ndugu mkulima, ukipiga namba ya huduma ukapotea katikati ya "bonyeza hiki, bonyeza kile" huku salio linakatika, usijilaumu. Mara nyingi kosa ni la aliyeipanga. Na kama AMCOS au kikundi chenu kinafikiria kuwa na namba ya kutoa bei na ushauri, historia hii itawafaa.

Zamani simu zilikuwa za kuzungusha. Mwishoni mwa miaka ya 1950, maabara ya Bell huko Marekani ilitaka kuweka vitufe. Hawakukisia mpangilio. Waliwapa watu mipangilio mbalimbali, wakapima nani anapiga haraka na nani anakosea. Ndipo ukapatikana huu ulio kwenye kitochi chako, 1 ikiwa juu kushoto. Simu hizo zilianza kutumika tarehe 18 Novemba 1963 katika miji ya Carnegie na Greensburg, Pennsylvania. Nyota na reli ziliongezwa mwaka 1968.

Kila kitufe hutoa milio miwili kwa pamoja, nayo husafiri hadi upande wa pili wa laini. Kwa hiyo mashine iliyoko mbali inaweza kujua umebonyeza nini. Menyu za sauti zilizaliwa hapo.

Baadaye zikawafikia wakulima. Huko Gujarat, India, watafiti wa huduma ya Avaaj Otalo walilinganisha njia mbili: mkulima kutamka anachotaka, au kubonyeza namba. Matokeo yao yalitoka mwaka 2009: waliobonyeza walifanikiwa zaidi. Ethiopia nayo ilianzisha namba 8028 mwaka 2014. Mkulima anapiga bure na kusikiliza ushauri kwa lugha anayoielewa, kama Kiamhari au Kioromo.

Mkitaka kuweka yenu, zingatieni haya:

1. Tajeni jambo kwanza, namba baadaye. "Kwa bei ya mahindi, bonyeza 1." Ikitangulia namba, msikilizaji ataisahau kabla ya kujua ni ya nini.
2. Chaguo zisizidi nne. Linaloulizwa sana liwe la kwanza.
3. Wekeni kitufe cha kurudia na cha kurudi nyuma, na visibadilike kila hatua.
4. Salamu iwe fupi. Matangazo marefu yanakula vocha ya mpigaji.
5. Pawepo njia ya kumpata mtu. Mwenye ng'ombe anayekufa hana muda wa menyu.

Kabla ya kuitangaza, fanyeni kama wale wa Bell. Mpeni simu mama mmoja wa kijijini ambaye hajawahi kuisikia namba hiyo, mwambieni atafute bei ya maharage, kisha nyamazeni. Msimwelekeze. Pale atakapokwama ndipo pa kurekebisha, maana wengi watakwama hapohapo, na kila mmoja kwa salio lake.