Kutoka Mnarani Hadi Jukwaani: Sheikh Salama Hijazi na Sauti ya Mchezo



Kila skuli na madrasa zetu zinapojitayarisha kwa mahafali au Maulidi, ubishi ni uleule: mchezo wa kuigiza utiwe sauti gani? Wapo wanaotaka kasida na dufu, wapo wanaoona maneno matupu yanatosha, na wapo wanaouliza jambo zito zaidi: mtu aliyejaaliwa sauti nzuri na Mola wake, aitumie wapi na aizuie wapi? Wengi wetu tunadhani maswali haya ni ya zama zetu za simu na spika. Leo tunawapeleka Sham na Misri ya zaidi ya miaka mia iliyopita, ambako waislamu wenzetu waliyakabili maswali hayohayo, na majibu yao yakatufikia hadi visiwani.

Mchezo wa jukwaani kwa Kiarabu, kwa namna tunayoijua sasa, ulianza Beirut mwaka 1847, pale Marun al-Naqqash alipoigiza nyumbani kwake mchezo wake kuhusu mtu bakhili. Tangu siku hiyo ya kwanza ulikuwa mchezo wa kuimbwa. Al-Naqqash alikuwa ameona michezo ya kuimba Italia, na aliamini kuwa watu wa kwao, waliolelewa na mashairi na nyimbo, wasingekaa kimya saa nzima kusikiliza mazungumzo makavu. Hakukosea. Muziki ndio uliowaingiza watu ukumbini.

Huko Damascus akatokea Abu Khalil al-Qabbani, ambaye aliifahamu vyema muwashaha na nyimbo za nyiradi za twarika. Aliuchukua utamu huo akautia katika hadithi za kuigiza. Watu walimpenda, lakini baadhi ya masheikh walikasirika, malalamiko yakafika hadi Istanbul kwa Sultani, na ukumbi wake ukafungwa. Mwaka 1884 al-Qabbani akahamia Misri pamoja na waigizaji wake. Tunalitaja hili ili tusidhani kuwa waliotangulia waliingia jukwaani bila ya kuulizwa. Waliulizwa, tena kwa ukali, na kila mmoja alibeba jibu lake mbele ya jamaa zake na mbele ya Mola wake.

Hapa ndipo anapoingia Sheikh Salama Hijazi. Alizaliwa Alexandria mwaka 1852, akakulia katika mazingira ya dini. Alikuwa msomaji wa Qurani, akawa muadhini, akaimba kasida katika halaka za dhikri. Sifa ya sauti yake ikaenea. Wenye vikundi vya michezo walipomfuata, inasimuliwa kuwa alisita kwa sababu ya dini, na alipolegeza msimamo alikubali kuimba tu baina ya sehemu moja ya mchezo na nyingine, bila ya kuigiza. Ilikuwa katika miaka ya 1880 ndipo aliposimama jukwaani kama mhusika kamili.

Tujiulize, muadhini alikuwa na nini ambacho ukumbi ulikihitaji? Wakati ule hapakuwa na maikrofoni wala spika. Mwimbaji alitakiwa asikike na mtu wa safu ya mbele na yule wa nyuma kabisa, huku nyuma yake ikipigwa takhti nzima: udi, ganuni, nai, fidla na rika. Muadhini amezoea kutoa sauti juu ya mnara ikafika mitaa ya mbali. Msomaji wa Qurani amefundishwa kuvuta pumzi kwa kipimo, kusimama mahali pa kusimama, na kuitoa kila herufi katika makhraji yake. Kwa hiyo Sheikh Salama alipoimba, neno halikupotea. Msikilizaji alipata wimbo, na ndani ya wimbo akaipata hadithi.

Kuanzia mwaka 1891 alifanya kazi na kikundi cha Iskandar Farah mjini Cairo, na mwaka 1905 akaunda kikundi chake mwenyewe. Miongoni mwa michezo iliyompa jina ni ule uliotokana na Romeo na Juliet wa Shakespeare, ambao Najib al-Haddad aliugeuza kwa Kiarabu na kuutia mashairi ya kuimba. Aliigiza pia Hamlet katika tafsiri ya Tanyus Abdu, ambayo mwisho wake Hamlet hafi bali anakalia kiti cha ufalme. Inasimuliwa kuwa siku moja Sheikh alitaka kuigiza mchezo huo bila ya nyimbo. Watu wakaghadhibika. Ikambidi amwombe mshairi mkubwa Ahmad Shawqi amtungie kasida ya kuimba humo ndani.

Kisa hiki kinachekesha, lakini ndani yake mna tatizo la kweli. Nyimbo ziliujenga mchezo, kisha zikaanza kuumeza. Mhusika aliyekuwa na huzuni alisimama katikati ya tukio, akaimba kwa muda mrefu, watu wakamtaka arudie, na hadithi ikakaa ikingoja. Sauti nzuri ilikuwepo, lakini ilimtumikia mwimbaji kuliko mchezo.

Aliyeligeuza jambo hili ni kijana wa Alexandria vilevile, Sayed Darwish, aliyezaliwa mwaka 1892. Yeye pia alianzia katika Qurani na kasida. Maisha yalipombana alifanya kazi ya ujenzi, akiwaimbia wenzake kazini, na huko ndiko wenye kikundi cha michezo walikomsikia. Alipohamia Cairo mwaka 1917 alianza kutunga kwa namna mpya. Mchukuzi katika mchezo aliimba kama mchukuzi, muuza maji kama muuza maji, na mabaharia wakaimba pamoja kwa mapigo ya kazi yao. Mtu angefumba macho ukumbini angejua nani anasema na yuko katika hali gani. Hiyo ndiyo elimu ya sauti ya jukwaani: kila sauti iwe na mwenyewe, na iwe na sababu ya kusikika. Darwish alifariki mwaka 1923, akiwa na miaka 31 tu. Wimbo wake mmoja wa kizalendo ndio wimbo wa taifa wa Misri tangu mwaka 1979.

Na wanawake je? Katika miaka ya mwanzo wengi waliopanda jukwaani walikuwa wakristo na mayahudi, kwani kwa mwanamke wa kiislamu lawama ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1909 Sheikh Salama alipatwa na maradhi ya kupooza nusu ya mwili. Alirudi jukwaani baadaye akiwa dhaifu, na mwaka 1917 akafariki, Allah amrehemu. Katika kipindi hicho cha udhaifu wake, mwaka 1915, Munira al-Mahdiyya alisimama kuimba nafasi zilizokuwa za Sheikh, akiwa amevaa mavazi ya kiume. Baadaye akawa na kikundi chake mwenyewe. Tunaweza kutofautiana kuhusu njia aliyoichagua, lakini hatuwezi kuiandika historia hii tukamruka.

Sasa turudi kwetu. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar hadi mwaka 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza ganuni. Mwaka 1905, mwaka uleule Sheikh Salama alipounda kikundi chake Cairo, huku Unguja kikaanzishwa kikundi cha Akhwani Safaa. Ala zilizomzunguka Sheikh jukwaani ndizo zilizokuja kuwazunguka waimbaji wetu, na santuri za Misri zikaendelea kusikilizwa majumbani. Kisha akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, akaimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kurikodi santuri. Taarabu za zama hizo ziliandamana na michezo mifupi ya kuchekesha, ambayo wazee wetu waliiita natiki, neno lililotoka Uhindini. Kwa hiyo muziki na maigizo vilikaa ukumbi mmoja hata hapa kwetu.

Tunapata nini katika safari hii? Kwanza, hofu ya kuitumia sauti vibaya ni hofu ya watu wenye dini, na hatuna haki ya kuicheka. Sheikh Salama aliihisi. Ikhtilafu ya wanazuoni juu ya muziki ipo, na kila mmoja wetu amwulize anayemwamini kwa elimu yake. Pili, chochote tutakachokiruhusu, iwe dufu, kasida au sauti ya mtoto peke yake, kiwe na kazi ndani ya mchezo. Mama aliyefiwa katika hadithi asifunikwe na wimbo unaopigwa kwa sababu tu tunao kwenye simu. Wakati mwingine kimya kinamtosha. Tatu, tuwafundishe mabinti zetu tajwidi vizuri, kwa ajili ya Allah kwanza. Mtoto aliyezoea kuitoa herufi sawasawa, popote atakaposimama kusema ukweli, atasikika.

Mola azijaalie sauti zetu ziwe hoja kwetu na zisiwe hoja juu yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.