Nguvu, Nishati na Uniti

Neno nguvu, linapotumika katika programu za kompyuta za kupima na kuchanganua umeme, hudai uangalifu zaidi kuliko linavyodai mitaani, ambako nguvu na nishati huchukuliwa kuwa kitu kimoja. Uniti zinazonunuliwa kwa LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia nchini Tanzania, ni kilowatisaa, kipimo cha nishati. Nguvu, inayopimwa kwa wati, ni kasi ya kuitumia nishati hiyo, hivi kwamba pasi inayochukua wati 1,000 mfululizo kwa saa 2 hula uniti 2.

Programu hupokea vipimo vya volteji na mkondo vilivyochukuliwa maelfu ya mara kwa sekunde, huvizidisha jozi kwa jozi, kisha hutafuta wastani, ambao ndio nguvu halisi. Mota ya mashine ya kusaga ya fezi moja inayotumia volti 230 na ampea 10 huonekana kuchukua volti-ampea 2,300; lakini mkondo ukichelewa nyuma ya volteji hata kipengele cha nguvu, yaani nguvu halisi ikigawanywa kwa hiyo inayoonekana, kikawa 0.8, nguvu halisi ni wati 1,840 tu.

Hiyo nguvu inayoonekana, ya volti-ampea, wapo watakaoshawishika kuiita nguvu dhahiri, jina ambalo lingepotosha, maana kilicho dhahiri kwa Mswahili ni kile kisicho na shaka, ilhali hapa kinachopimwa ni kile kinachoonekana tu kuwa nguvu. Jina nguvu ya kuonekana, ijapokuwa ni refu, linafaa zaidi.