Kupanga safu kwa mfuatano maalumu (JavaScript)

Katika lugha ya programu ya JavaScript, safu ni mkusanyo wa vitu vilivyowekwa kwa zamu, kila kimoja kikiwa na nambari ya nafasi yake kuanzia 0. Kupanga safu kwa mfuatano maalumu ni kuvipa vitu hivyo utaratibu uliowekwa na mtu, badala ya ule unaotokana na herufi zake.

Utaratibu usioelekezwa

Amri ya sort isipopewa maelekezo hugeuza kila kitu kuwa maandishi, kisha hulinganisha namba za msimbo za herufi. Ndiyo maana 10 hutangulia 9, na neno Zanzibar hutangulia asali: misimbo ya A hadi Z yote ni midogo kuliko ya a hadi z. Namba hupangwa ipasavyo kwa (a, b) => a - b, na maneno kwa a.localeCompare(b, "sw").

Mfano: siku za juma

Siku zikipangwa kwa alfabeti, hutokea hivi: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumanne, Jumapili, Jumatano, Jumatatu. Ratiba ya namna hiyo haimfai mwalimu wala mwanafunzi. Majina yenyewe yana hesabu yake: Jumamosi ni siku ya mosi na Jumatano ni ya tano, kisha hufuata Alhamisi, jina la asili ya Kiarabu ambalo nalo lina maana ya tano, na Ijumaa hufunga juma. Hesabu hiyo haimo katika herufi, hivyo sharti iandikwe:

const mfuatano = ["Jumamosi", "Jumapili", "Jumatatu", "Jumanne", "Jumatano", "Alhamisi", "Ijumaa"];

siku.sort((a, b) => mfuatano.indexOf(a) - mfuatano.indexOf(b));

Kitendakazi hiki hutafuta nafasi ya kila siku katika mfuatano na kutoa ya pili kutoka ya kwanza. Jibu likiwa hasi, a hutangulia. Likiwa chanya, b hutangulia. Likiwa 0, vitu hivyo hubaki katika zamu vilivyokuwa nayo. Kanuni hiyo ya mwisho imo katika sanifu ya lugha hiyo tangu mwaka 2019. Ofisi inayoanza juma kwa Jumatatu itabadilisha orodha tu, si kitendakazi.

Izingatiwe kwamba getDay ya JavaScript huipa Jumapili 0 na Jumamosi 6. Mfasiri wa kalenda anayetaka hesabu ya Kiswahili, Jumamosi ikiwa 0, ataandika (tarehe.getDay() + 1) % 7.

Tahadhari

1. Kitu kisichomo katika mfuatano hupewa -1 na indexOf, nacho hupanda juu ya vyote. "Jumane", iliyokosewa tahajia, itatangulia Jumamosi.

2. Amri ya sort hubadilisha safu yenyewe. Anayetaka kuhifadhi safu ya awali atumie toSorted, iliyoingizwa katika sanifu mwaka 2023.

3. Ritifaa huandikwa kwa alama zaidi ya moja. Iliyonyooka (') ina msimbo 39, nayo iliyopinda (’) ina 8217. Sort isiyoelekezwa huweka ng'ombe kabla ya ngamia na nguo iwapo ritifaa imenyooka, na baada ya maneno hayo iwapo imepinda. Neno moja likiandikwa na watu wawili huweza kukaa mahali pawili, na msomaji asipoliona alipolitarajia hudhani halimo katika kamusi. Kabla ya kulinganisha, ritifaa zote zifanywe za aina moja kwa replaceAll("’", "'").

4. Usawazishaji huo hautoshi kwa mtunzi wa kamusi anayeihesabu ng' kuwa herufi inayojitegemea, yenye nafasi yake baada ya ng. Yampasa aandike mfuatano wa herufi kama ulivyoandikwa ule wa siku, kisha maneno yalinganishwe herufi kwa herufi kwa kuufuata.

Matumizi

Njia hii hufaa kila orodha ambayo zamu yake hutokana na maana: miezi, madarasa ya shule, vyeo, au ngeli za nomino zinazoanza kwa A-WA ilhali orodha inazo pia KI-VI na I-ZI.